Awamu zilizofichika ndani ya CD-RW: mafaili yaliyotoweka huenda bado yapo

WATUMIAJI wengi wa kompyuta waliokuwa wakihifadhi kazi zao kwenye diski za CD-RW katika miaka ya 2000 wanaukumbuka mshangao mmoja. Diski iliyochomwa kidogo kidogo kwa muda wa miezi sita inawekwa kwenye kompyuta, lakini yanayoonekana ni mafaili ya siku ya mwisho tu. Mwenye diski huamini kwamba ya nyuma yamefutika, hukasirika, kisha huifuta yote ili aanze upya. Kwa kawaida ni hapo ndipo hasara ya kweli hutokea, kwa kuwa hadi dakika ile mafaili yote ya miezi sita yalikuwa bado yamo.

Suala hilo lina uzito wake Ifakara na katika bonde zima la Kilombero. Kabla ya mkongo wa SEACOM kutua Dar es Salaam Julai 2009, intaneti nchini ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole. Kwa mji ulio takribani kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, bahasha yenye diski mkononi mwa abiria wa basi au wa treni ya TAZARA iliweza kufika mapema kuliko barua pepe yenye mzigo wa megabaiti mia kadhaa. Iliyokuwa ikienda Ulanga ilisubiri kivuko pamoja na abiria wake, kwani daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018.

Diski za namna hiyo hazikosekani hadi leo katika makabati ya shule, zahanati, parokia, vyama vya wakulima wa mpunga na miwa, na studio za picha. Kompyuta mpya nyingi hazina tena draivu ya kuzisomea. Anayetaka kuyaokoa yaliyomo analazimika kwanza kuelewa jinsi yalivyoandikwa.

Awamu ni nini

Diski ya kawaida ya muziki kutoka kiwandani huandikwa mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, ikafungwa. Diski ya awamu nyingi huandikwa kwa vipande. Kila kipande, yaani kila awamu, kina sehemu tatu: eneo la mwanzo lenye orodha inayoieleza draivu mahali pa kuanzia, eneo la mafaili yenyewe, na eneo la mwisho linalotoa ishara kwamba awamu imefungwa. Awamu inayofuata huanza pale ya awali ilipoishia. Haiigusi.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya wahasibu wala watafiti. Ulipata umaarufu kwa sababu ya picha. Mwaka 1992 kampuni ya Kodak ilianza kuuza huduma iliyoitwa Photo CD, ambayo mteja alipeleka filamu yake ikasafishwa na picha zikaandikwa kwenye diski. Kwa kuwa filamu moja haikuijaza diski, ilibidi mteja aweze kurudi na diski ileile baadaye kuongezewa picha nyingine. Diski za CD-RW, zenye uwezo wa kufutwa na kuandikwa tena, ziliingia sokoni mwaka 1997 zikaurithi utaratibu huo.

Wakazi wa Kilombero wana mfano wa karibu wa kuuelewa. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ambacho tangu 2008 kinajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara, kilianza kuzihesabu kaya katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga, kisha wahoji wakawa wanazirudia kila baada ya miezi minne. Katika kila mzunguko waliandika nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama na nani amehamia. Mzunguko mpya haukuyafuta ya mzunguko uliopita, ulijengwa juu yake. Thamani ya kumbukumbu za aina hiyo imo katika kulinganisha mizunguko. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa katika bonde hilo, uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet, ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Matokeo ya namna hiyo hayapatikani kwa mtu aliyebaki na daftari la mwisho pekee.

Ndivyo ilivyo kwa diski. Kila awamu mpya huja na orodha yake ya mafaili. Programu ikielekezwa vizuri, huisoma orodha ya awamu iliyopita, ikayanakili majina yote ya zamani kwenye orodha mpya, kisha ikaongeza majina mapya. Mafaili ya zamani hayaandikwi tena. Orodha mpya huelekeza tu mahali yalipo. Kompyuta ya Windows ikifungua diski, kwa kawaida huisoma orodha ya awamu ya mwisho, na mtumiaji huona mafaili yote kana kwamba yaliandikwa siku moja.

Kosa linalozalisha mshangao huo

Dirisha la kwanza la programu ya Nero, iliyotengenezwa Ujerumani na kuzoeleka sana katika maduka ya kompyuta ya miaka hiyo, lilimpa mtumiaji chaguo tatu: kuanzisha diski ya awamu nyingi, kuendeleza diski ya awamu nyingi, au kuchoma bila awamu. Chaguo la kwanza lilikuwa la siku ya kwanza tu. Siku ya pili na kuendelea alitakiwa kuchagua la pili. Aliyeendelea kuchagua la kwanza kila siku aliandika awamu mpya yenye orodha isiyotaja chochote cha nyuma. Mafaili ya jana yalibaki palepale kwenye diski, lakini orodha iliyosomwa na Windows haikuyajua.

Mfumo wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001, ulikuwa na uwezo wake wa kuchoma CD bila programu ya ziada, nao uliendeleza awamu wenyewe pasipo kumuuliza mtumiaji. Kwa hiyo diski iliyochomwa nusu kwa Windows XP na nusu kwa programu nyingine huweza kuonyesha mambo ya ajabu: mafaili ya Januari na Machi yapo, ya Februari hayaonekani. Kompyuta za Macintosh zimezoea kuonyesha kila awamu kama diski inayojitegemea, jambo linalomchanganya mgeni lakini katika hali hii ni msaada mkubwa.

Jina la faili nalo lina mchango wake. Karani akihifadhi faili liitwalo “mahudhurio” kila Ijumaa kwa jina hilohilo, orodha mpya huelekeza kwenye faili jipya na lile la Ijumaa iliyopita hufichika. Halijafutwa. Hapo ndipo awamu zinapogeuka kuwa neema, maana faili la wiki hii likiharibika, la wiki iliyopita linaweza kupatikana, na la wiki iliyotangulia vilevile. Virusi vilivyokuwa vikienezwa na flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine miaka hiyo havikuweza kulibadilisha faili lililokwisha kufungwa ndani ya awamu.

Aidha, hakuna njia ya kufuta faili moja kutoka katika awamu iliyofungwa, hata kama diski ni ya kuandikwa tena. Mtumiaji akilitoa faili katika orodha na kuchoma, kinachotokea ni kwamba orodha mpya haitalitaja. Nafasi yake hairudi. CD-RW ya awamu nyingi kwa kawaida hupata nafasi mpya kwa kufutwa yote.

Nafasi inayoliwa na mipaka

Awamu zina gharama ambayo wauzaji wa diski hawakuitaja. Awamu ya kwanza ikifungwa, eneo lake la mwisho pamoja na eneo la mwanzo la awamu ifuatayo huchukua takribani MB 22. Kila awamu inayofuata hula takribani MB 13, hata kama ndani yake kuna barua ya ukurasa mmoja.

Chukua mfano wa zahanati inayohifadhi MB 2 za kumbukumbu kila siku ya kazi kwenye diski ya MB 700. Siku moja inatumia MB 2 za mafaili na kama MB 13 za mipaka. Diski itajaa baada ya siku zipatazo 46, ikiwa na MB 92 tu za kumbukumbu. Zaidi ya MB 600 zimekwenda kwenye mipaka. Zahanati hiyo ikichoma mara moja kwa wiki, MB 10 kwa mkupuo, awamu nne za mwezi mzima zitatumia takribani MB 100 pamoja na mipaka yake.

Diski za DVD, ambazo kwenye makasha yake huandikwa GB 4.7 lakini kompyuta huzihesabu kuwa GB 4.38, zina taratibu tofauti. DVD-RW hukubali awamu kwa namna inayokaribiana na hii. DVD+RW haina awamu za kweli. Programu huurefusha tu mfumo wa mafaili uliopo. Tofauti kati ya alama ya kujumlisha na kistari imewagharimu watu wengi nauli ya kurudi dukani.

Umeme ukikatika

Wilaya ya Kilombero ina mitambo miwili mikubwa ya umeme wa maji, Kidatu wenye megawati 204 na Kihansi wenye megawati 180. Hata hivyo, Ifakara haikunusurika na kukatika kwa umeme, na ukame ulioleta mgawo wa mwaka 2006 uliigusa nchi nzima. Kwa mtu anayechoma diski, umeme ukikatika katikati ya kazi, awamu inayoandikwa hubaki wazi bila eneo la mwisho.

Awamu zilizotangulia haziathiriki, kwa kuwa zilikwisha kufungwa. Hilo ndilo lililoutofautisha utaratibu huu na ule wa pili uliopendwa na wengi kwa urahisi wake: kuigeuza CD-RW itumike kama flopi kubwa, ambapo mtumiaji aliburuta mafaili na kuyafuta apendavyo. Programu za InCD na DirectCD zilifanya kazi hiyo, na tangu 2007 Windows Vista ikaja na njia yake yenyewe. Urahisi huo uliipunguza nafasi ya diski hadi chini ya MB 600. Mbaya zaidi, orodha iliandikwa mara kwa mara juu ya orodha ileile, hivyo umeme ukikatika wakati wa kuandika orodha, diski nzima iliweza kukataa kufunguka. Kwa kumbukumbu za ofisi, awamu zilikuwa njia salama zaidi, ingawa ndizo zilizolaumiwa zaidi.

Lilikuwapo pia tatizo la kompyuta dhaifu iliyoshindwa kuilisha draivu kwa kasi inayotakiwa, na kazi ikaharibika katikati. Kampuni ya Sanyo ilileta ufumbuzi mwaka 2000, na draivu zilizotengenezwa baadaye hazikusumbuliwa sana na jambo hilo.

Kuzirejesha awamu za zamani

Anayetaka kusoma diski ya zamani leo anahitaji draivu ya nje inayounganishwa kwa waya wa USB. Karibu draivu zote za DVD za aina hiyo husoma CD-RW. Draivu na redio za kabla ya 1997 hushindwa mara nyingi, kwa sababu CD-RW huakisi mwanga kati ya asilimia 15 na 25 tu, wakati diski ya kiwandani huakisi asilimia 70 au zaidi.

Hatua ya kwanza, kabla ya kubofya chochote kingine, ni kutengeneza nakala kamili ya diski kwenye kompyuta pamoja na awamu zake zote. Kunakili mafaili yanayoonekana dirishani hakutoshi, kwani kutaacha yaliyofichika. Programu ya IsoBuster huonyesha kila awamu kama tawi lake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mtumiaji hufungua anayoitaka. Kwenye Linux, amri ya kufungua diski hukubali namba ya awamu. Baadhi ya matoleo ya Nero yaliongeza sehemu ndogo ndani ya dirisha la sifa za draivu, ambako mtumiaji alichagua awamu ya kufungua. Ilikuwapo miaka yote, na waliojua kwamba ipo walikuwa wachache.

Mafaili yakitolewa, kila awamu iwekwe katika folda yake yenye namba na tarehe. Kuyamwaga yote mahali pamoja ni kurudia kosa lilelile, kwa sababu mafaili yenye jina moja yataandikana juu, na mara hii ya zamani yatafutika kweli.

Kazi hiyo haifai kuahirishwa. Taarifa ndani ya CD-RW huandikwa kwenye tabaka jembamba la madini ya fedha, indiamu, antimoni na teluriamu. Mwanga wa leza ukilichoma kwa nguvu, nukta huyeyuka na kupoa ghafla ikawa haiakisi vizuri. Ukilipasha joto la wastani, nukta hujipanga upya na kuakisi tena. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoruhusu diski kuandikwa na kufutwa hadi mara 1,000 kwa maelezo ya watengenezaji. Tabaka linalogeuzwa na joto halipendi joto. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani ulishauri diski zitunzwe katika nyuzi 4 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50. Katika bonde la Kilombero, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara na masika hufurisha mashamba ya mpunga, kabati la ofisi lisilo na kiyoyozi haliwezi kufikia kiwango hicho hata usiku.

Wengi hulinda upande unaong'aa na kuuandika ovyo ule wa juu. Kwenye CD, tabaka lenye taarifa liko karibu zaidi na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu. Kalamu ya bolipeni ikikandamizwa hapo, au lebo ya karatasi ikibanduka kwa unyevu, diski huharibika kuliko ikikwaruzwa upande wa chini.

Yaliyofichika ni ya nani

Kinachomfurahisha aliyepoteza kazi yake kinapaswa kumtia wasiwasi anayetunza siri za wengine. Diski ya zahanati iliyochomwa kwa awamu kisha ikaazimwa kwa kazi nyingine inaweza kuonyesha nyimbo za kwaya katika awamu ya mwisho, na bado ikabeba majina na majibu ya vipimo vya wagonjwa katika awamu za nyuma. Aliyeiazima haoni kitu. Atakayeifungua kwa programu inayosoma awamu zote ataona.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Kwa ofisi yenye boksi la diski za zamani, hilo lina maana ya kuzikagua awamu zote kabla ya kuzigawa au kuzitupa.

Kufuta nako kuna namna mbili. Kufuta kwa haraka huchukua dakika moja au mbili, na kazi yake ni kuiondoa orodha ya mwanzo ili draivu iione diski kuwa tupu. Sehemu kubwa ya taarifa hubaki kwenye tabaka hadi iandikwe juu yake. Draivu ya kawaida haitaifikia kirahisi, lakini haijaangamizwa. Kufuta kikamilifu hupita diski nzima, na kwa kasi ya 4x huchukua karibu dakika 20, muda uleule wa kuijaza. Diski ambayo draivu haikubali tena kuifuta, na iliwahi kubeba taarifa za wagonjwa au za wanafunzi, hukatwa kwa mkasi imara ikiwa imefunikwa kitambaa, kwa sababu vipande vyake huruka na vina makali.